Furakha Kisimani Kildare

Jumatano, 2 Oktoba 2024

Nimerudi. Mawaleh kwetu joto lile lile, vumbi lile lile, eisi ya sebuleni inanguruma kama nilivyoiacha. Sanduku liko mlangoni bado. Sina hamu ya kuonana na soksi zenye tope la Ireland.

Marhoon amepungua. Wiki mbili tu! Aliponifungulia mlango nilimshika mabega, mkono ukakutana na mfupa. Nikamwambia umependeza. Akacheka. Anajua uongo wangu tangu tulipooana.

Hata sijavua viatu, anataka picha. Hakuuliza ndege ilikuwaje, hakuuliza binti yetu Hajar anakula nini huko Dublin. Picha! Ndiyo kazi aliyonituma. Mtu huyu amemaliza ujana wake akikarabati ngome, hakuna ukuta wa udongo nchi hii asioupanda, na siku zote wimbo ulikuwa mmoja: akistaafu atakwenda Ireland kuona watawa wa zamani walivyopanga mawe. Hajar alipopata nafasi ya kusoma udaktari kule, akaona njia imefunguka. Akastaafu. Mwaka ule ule mafigo yakamgomea. Sasa yeye na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, hata Salalah hapa nchini haendi. Basi nikaenda mie, kwa macho yake.

Tukaunganisha simu na televisheni. Glendalough kwanza. Bonde, maziwa mawili, makaburi yameinama huku na huku, na ule mnara wa duara umesimama peke yake katikati ya mvua. Mlango wake uko juu, hufiki bila ngazi. Nikamweleza kuwa watawa walikuwa wakikimbilia humo maadui wakija, au ndivyo wanavyoambiwa watalii. Hakunisikia. Alishainuka, yuko mbele ya televisheni, anapitisha kidole kwenye kiungo cha jiwe na jiwe. Katika kila picha Hajar amesimama mbele, anacheka, mtandio umejaa upepo.

— Huyu mtoto asogee kidogo, ananizibia ukuta.

Tulicheka mpaka akaanza kukohoa, na kikohozi hakikukoma upesi.

Murshid, mdogo wake, amekwenda kupimwa kuona kama figo lake litamfaa. Majibu bado. Simu ikilia tunaitazama sote wawili, halafu tunatazama pengine.


Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Leo Marhoon hakwenda msikitini. Amesali kwenye kiti, hapo hapo sebuleni, kanzu safi, amejipaka mafuta. Mtu ambaye Ijumaa humpita akiwa safarini tu. Nilisimama jikoni nikaacha maji yakimwagika kwenye sinki asinisikie.

Naogopa. Niseme tu. Naogopa atakufa.

Na kuna jambo la Kildare limenikaa kifuani, naliandika hapa maana hakuna mtu wa kumwambia.

Kildare ilikuwa ziara ya mwisho. Kanisa kubwa la jiwe la kijivu, na mnara mwingine wa duara pembeni yake. Nilipiga picha za mnara kama nilivyoagizwa. Halafu mtembezaji wetu, mzee mmoja mpole mwenye koti la mvua, akatutoa nje ya mji kwenda kwenye kisima cha Brigid, bibi mtakatifu wao. Kisima chenyewe si kitu — maji kidogo, mawe, majani. Lakini mti! Mti umevaa matambara. Utepe, soksi za watoto wachanga, tasbihi zao zenye msalaba, barakoa ya hospitali imekwishachujuka. Mzee akasema watu huleta kitambaa kilichogusa mwili wa mgonjwa wakakifunga pale. Kitambaa kinaoza kwa mvua, kidogo kidogo, na ugonjwa unaondoka nacho. Watalii wakatoa simu. Pembeni yangu alikuwepo mwanamke ameshika kisoksi. Yeye hakutoa simu.

Mie nilikuwa nimevaa kanzu ya Marhoon ndani ya koti. Nilisafiri nayo nipate kulala na harufu yake, siku hiyo baridi ikanizidi nikaivaa. Mkono ukapanda shingoni wenyewe, ukaikuta furakha — ule ushada wa nyuzi unaoning'inia kolani, anaouchovya kwenye marashi kila Ijumaa. Nikauvuta. Ukakatika kirahisi mno. Hajar alikuwa kwenye basi anatafuta mwavuli. Nikaifunga mafundo mawili, kwenye tawi la chini, upande wa maji.

Sikumwita Brigid. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilisema Ya Rabbi, mwondolee. Lakini kama nilikuwa nazungumza na Rabbi, mti ulikuwa wa nini?

Mie, Mastura! Mfasiri wa wizara, hija mara mbili, mtu wa kuwakemea watu wanaovaa hirizi. Na Marhoon je? Ukoo wake wa Tabora, haachi kututania sisi wa Unguja kwamba kila pango tumeliwekea mzimu. Akijua mkewe amefunga furakha yake kwenye mti wa Wakristo, hatanipigia kelele. Atanitazama tu. Siwezi kutazamwa hivyo na mtu aliye mgonjwa.

Picha zote za kisima nimezifuta.


Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Ametapika asubuhi, ametapika mchana. Miguu imevimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo.

Hata hivyo, picha. Clonmacnoise — mto mpana, ng'ombe, misalaba mikubwa ya jiwe imechongwa watu toka chini mpaka juu. Halafu kile chumba kidogo cha kusalia kule magharibi, Gallarus, jiwe tupu, hakuna udongo wala chokaa, na ndani pakavu. Marhoon amekaa nacho muda mrefu. Akasema wazee wetu wa Al Ayn, huku kwetu, walipanga makaburi vile vile, kabla ya Uislamu, kabla ya watawa, jiwe likiegemea jiwe. Akanieleza kwa mikono yake miwili, vidole vimeegemeana. Mikono ikachoka akaishusha.

Kisha, pale pale: Kildare mbona picha nne tu?

Nikamwambia ilinyesha.

— Ilinyesha kila mahali, mama Hajar.

Nikaenda kumletea maji ambayo hakuyaomba, na hata hayo maji anapimiwa.


Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo niliitoa ile kanzu kwenye sanduku, nikaifua, ikakauka. Nikawasha chetezo, nikatia udi, nikaitandaza juu ifukizwe. Kolani palibaki uzi mmoja wa furakha, mrefu kama kidole. Nikaung'oa. Ukaangukia kwenye kaa.

Haukuwa jivu! Ulijikunja, ukayeyuka, ukawa punje nyeusi ngumu, na udi wangu wote ukanuka plastiki.

Pamba huwa jivu. Hariri hunuka nywele. Hilo najua tangu msichana, mama alinifundisha kushona. Kinachoyeyuka ni nailoni. Na nailoni haiozi.

Nilikaa chini na koleo mkononi. Itanyesha kule mwaka huu, na mwaka ujao, na Hajar atahitimu, atazaa, na ile furakha ipo, labda rangi tu imefifia. Kitambaa kikioza ugonjwa unaondoka. Kisipooza?

Nikacheka peke yangu kwa sauti. Marhoon akauliza toka chumbani kuna nini. Nikasema udi mbaya, wametuuzia taka.

Si nilisema siamini? Mbona basi nahesabu mvua?

Jana mashine ilibidi izimwe kabla ya wakati wake. Presha ilimshuka ghafla. Manesi walikimbia. Sikuandika jana.


Jumanne, 8 Oktoba 2024

Al Khuwair, ofisini. Nimefasiri ukurasa mmoja toka asubuhi, tena mkuu wangu ameurudisha — nimeandika tarehe ya mwaka jana. Akaniuliza habari ya mgonjwa. Nikasema alhamdulillah. Watu hawataki jibu jingine.

Saa ya chai nikashuka kwenye gari, nikafunga vioo, nikampigia sheikh mmoja niliyepewa namba yake na mwenzangu wa idara ya pili. Sikutaja jina. Nikasema yuko mwanamke fulani, alikuwa safarini, alikuwa na mgonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniliza. Akasema mwanamke huyo atubu, na Mwenyezi Mungu hukubali toba. Na kile alichokifunga akiondoe, kisibaki. Kama yuko mbali, amtume mtu amwondolee.

Kumbe kipo cha kufanya! Baada ya siku zote hizi za kusubiri majibu ya watu wengine, kipo kitu kimoja ninachoweza kukifanya mwenyewe. Nimempigia Hajar hapo hapo, na machozi yangu. Nilimweleza yote: kanzu, mti, uzi kwenye kaa, sheikh.

— Mama, wewe?

Basi. Akakata. Nadhani alikuwa wodini, nilisikia kengele na mtu akimwita. Baadaye akatuma ujumbe kwamba Jumamosi hana zamu, atapanda treni ya asubuhi, Kildare si mbali. Ameuliza tawi gani. Nimemwelekeza: la chini, upande wa maji.

Nimelala baada ya alasiri, usingizi wa kwanza tangu nirudi.


Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Sijui nilifikaje nyumbani.

Nilikwenda Hamriya kumpelekea Mama Mkubwa Masouda biskuti zake za Ireland. Yuko vile vile juu ya maduka yake, kochi lake, tamthilia yake ya Kituruki imepaazwa mpaka ngazini. Dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyebaki wa kunigombeza. Alinigombeza kwanza: nimekonda, nimechelewa kuja, biskuti chache. Nikataka kumchekesha. Nikamsimulia mti wa Wazungu, kama mtalii, kama kwamba niliuona tu. Soksi, tepe, matambara ya wagonjwa.

Akapunguza sauti ya televisheni. Hajawahi.

Akasema hayo si mageni, hata kwao Ng'ambo, Unguja, yalikuwapo. Mgonjwa akitolewa kafara, huwekwa njia panda — kitambaa chake, kuku, ubani, senti mbili tatu — na watoto wote wanajua kupita mbali. Isipokuwa mmoja, mtoto wa jirani yao, aliyekiona kitambaa kizuri chekundu akakichukua akamvalisha mwanasesere wake. Mwaka haukwisha. Mama Mkubwa na mama yake ndio walioosha maiti yake.

— Kafara haiguswi, mwanangu. Alotoa kayaacha maradhi yake pale pale. Alookota kayabeba. Mie nna miaka yote hii, sijaona alookota akasalimika.

Kisha akapaaza tena televisheni, akauliza kama Hajar ataleta biskuti zaidi akija likizo.

Nimemtuma Hajar. Mwanangu wa pekee, nimemtuma kwa mdomo wangu akalifungue fundo la maradhi ya baba yake kwa vidole vyake. Nikamwelekeza hata tawi.

Nimemwandikia usiende. Akajibu, kwa nini, tiketi nimeshakata. Nikasema baridi. Akasema ana koti. Nikasema mitihani. Akapiga.

— Mama, Jumanne ulilia nikaitoe. Leo unalia nisiiguse. Niambie ukweli.

Nikamwambia. Kitambaa chekundu, mwanasesere, yote. Ilikuwa aibu kubwa, kumtamkia daktari mtarajiwa maneno hayo. Akaanza kuongea taratibu, kwa Kiarabu, kama anavyozungumza na wagonjwa wake nadhani. Kwamba figo haliambukizi kwa uzi. Kwamba sina usingizi, kwamba nimechoka, kwamba atakwenda aitoe ili nipumzike, na sheikh si amesema? Amesema. Kila upande una mtu wake mwenye hekima na mie niko katikati.


Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Hospitali. Alfajiri pumzi zilimkata, maji yameingia mapafuni. Wamemlaza. Amevalishwa barakoa ya oksijeni, na juu yake macho yake yanaulizauliza. Alichoomba ni simu yenye picha.

Murshid amekuja akakaa pembeni ya kitanda na mikono yake mikubwa haijui iende wapi. Majibu yake Jumapili, labda. Amelisema hilo "labda" mara nyingi, kama mtu anayeomba radhi. Marhoon akamtania kwamba figo lake lenyewe limelemaa kwa soda. Lakini Murshid alipotoka, Marhoon aliufuata mlango kwa macho mpaka ukafunga. Sijawahi kumwona akitazama kitu hivyo, hata ukuta.

Daktari Nouf, msichana mdogo tu, angeweza kuwa rafiki wa Hajar, ameniita kando. Moyo unachoka, mashine haivumilii tena kama zamani. Figo lipatikane mapema. Nikamuuliza mapema ni lini. Akaniangalia akasema, mapema.

Sasa niandike na hili, maana ndilo lenyewe.

Ninaweza kumzuia Hajar. Kwetu mama ana neno moja. Nikimwambia ukienda sina radhi nawe, hatatoka mlangoni, aamini asiamini, daktari asiwe daktari. Amelelewa hivyo. Neno hilo sijalitumia maisha yangu yote, hata siku alipotaka kuacha shule. Nimeshika simu, nimeiandika meseji mpaka nusu. Nikaifuta. Nikaiandika tena.

Sijaituma.

Kwa sababu furakha ikibaki pale, haiozi. Na ikitolewa, labda Marhoon atapona. Basi mie nimekaa kwenye kiti cha plastiki nawapima watu wangu wawili, huyu mkono huu, huyu mkono huu, kama mtu anayechagua vitunguu sokoni. Ni mama gani huyu? Na mke gani angefanya vingine? Astaghfirullah. Siamini mti. Siamini uzi. Lakini neno la radhi bado liko kooni na silitoi, na anayejua sababu ni mie na Mungu.


Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Korido ya wodi. Nikiacha kuandika itanibidi niingie.

Adhuhuri hivi Hajar alituma picha ya dirisha la treni. Mvua. Majani. Akaandika, usiogope mama. Marhoon alikuwa amefumba macho, simu yake kifuani, picha ya ukuta wa Cashel, kanisa jingine la kule, imewaka mpaka kioo kikazima. Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda. Bado wakati ulikuwepo. Kutoka stesheni mpaka kisimani anatembea kwa mguu, nje ya mji kabisa. Kila hatua yake ningeweza kumpigia. Nilisoma Yasin, nikachanganya aya, nikaanza upya. Sikupiga.

Akapiga yeye. Nikaweka simu sikioni, upepo mtupu. Kisha sauti yake.

— Mama, nimefika. Haipo.

Nikamwambia tawi la chini. Akasema tawi la chini ameshaliona, na la juu yake, amezunguka mti wote. Zipo pamba, zipo sufu, zimebaki tambara tambara. Pameongezwa kibao: wanaomba watu wasifunge kitu kisichooza, kinaua mti, wao hukiondoa. Palikuwa na mzee anatembeza mbwa, Hajar akamuuliza. Akasema ndiyo, kuna mwanamke wa nyumba za jirani, hupita na mkasi na mfuko, hukata plastiki na nailoni zote. Alipita wiki hii.

— Alhamdulillah.

Nilisema kwa sauti. Nilisema kama mtu aliyetua mzigo, kutoka ndani kabisa, na wodi nzima ikasikia. Alhamdulillah! Si kwa ajili ya toba. Si kwa ajili ya sheikh. Kwa sababu vidole havikuwa vya mwanangu. Mwanamke yule, mwenye mkasi, anayejitolea kusafisha mti wa watu, naye ni mama wa mtu pengine, anapika chai jikoni kwake sasa hivi — na mie nimemshukuru Mungu kwamba ni yeye. Neno limeshatoka, siwezi kulirudisha. Hajar kule alielewa. Hajasoma udaktari bure huyu, anajua mtu anaposhukuru kwa kitu kibaya.

Na nilipogeuka Marhoon alikuwa amefumbua macho.

Ameshusha barakoa mwenyewe. Anajaribu kukaa! Mtu ambaye tangu jana hageuki bila nesi. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sijaipata kwake tangu nirudi.

— Ni Murshid? Figo limefaa?

Nikashusha simu sikioni.

— Niambie. Limefaa?

Alikuwa anacheka tayari. Machozi yamemjaa na anacheka, na kwenye simu Hajar anaita mama, mama, baba anasema nini, mbona sauti yake hivyo. Nikatazama ule uso. Nikasema ngoja nikamwite nesi, urudishiwe barakoa. Nikatoka.

Sikusema ndiyo. Lakini siwezi kuapa kwamba nilisema hapana.

Namwona kupitia kioo cha mlango. Nesi ameingia, anamrekebishia mto, naye anamsimulia, kwa mikono, ananyoosha kidole juu kumshukuru Mungu. Nesi ameweka mkono kifuani. Anampigia kofi dogo la furaha kwenye bega. Sasa Marhoon ameiomba simu yake, atakuwa anataka kuwapigia ndugu.

Murshid ametuma ujumbe. Yuko chini, anatafuta pa kuegesha gari, nimuulize kaka yake anaruhusiwa juisi gani.